Neno Uharibifu na Maboksi Thelathini na Saba

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako, miwani ikiwa puani na kalamu ikiwa na wino. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na isipokuwa jambo moja lililo katika ukurasa wa 412 wa kamusi yako, safu ya pili, ambalo ndilo limenifanya nikuandikie.

Kwanza nijieleze, usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiye na kazi. Kazi sina, ni kweli, lakini nilikuwa nayo. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nimesoma vitabu vya kilimo cha vitunguu, hotuba za watu ambao hawakuzisoma wenyewe, ratiba za treni, kadi za harusi, na mara mbili kamusi nzima, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, nikitafuta makosa ya wenzangu. Kamusi yako nilipewa na mwanangu siku niliyostaafu. Nimeisoma mpaka jalada limeachia na ninalishikilia kwa mpira wa kufungia pesa. Kwa hiyo nalalamika kama mtu wa nyumbani.

Malalamiko nimeyapa namba ili msaidizi wako asipate kisingizio cha kuruka lolote.

1. Fasili ya neno "uharibifu" ni fupi mno. Umeandika: "hali ya kuharibu kitu, uangamizi." Maneno matano. Jirani yake wa juu, "uharamia", umempa mistari mitatu, ingawa katika jengo letu la ghorofa nne hajawahi kuonekana haramia hata mmoja, na uharibifu tunao kila wiki. Isitoshe, mfano uliouweka ni huu: "Mvua kubwa imeleta uharibifu." Umemsingizia asiyeweza kukuandikia barua. Mvua haijawahi kugusa karatasi zangu. Uharibifu ninaoufahamu mimi una mikono miwili, umefunga kitambaa kichwani na unaimba ukiwa kazini.

2. Asili ya neno. Umeonyesha kwenye mabano kwamba neno hili lina asili ya Kiarabu. Sibishi. Wazee wetu walilichukua huko, wakalivika kiambishi mbele na nyuma, likawa letu, kama mgeni aliyeoa mtaani. Lakini, Mhariri, kusema neno limetoka wapi si kusema limeingiaje nyumbani kwa mtu. Nyumbani kwetu liliingia Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, kwa mlango wa mbele, mikononi mwa mkwe wangu, likiwa na utepe wa kupimia na mifuko mitatu myeusi ya taka. Naomba asili hii nayo iingizwe, ikiwezekana pamoja na saa.

Tena nimesoma kwamba watu wa Ulaya wamelijenga neno lao kutoka Kilatini, na ukilifumua unakuta ndani yake mna kitenzi cha kupanga vitu kimoja juu ya kingine, tuseme mawe, ambacho kimetanguliwa na kipande cha kutengua. Wao husema maana yake ni kupangua kilichopangwa. Nasema wamekosea kidogo tu. Kipande cha mbele ni pambo. Kiini cha neno ni kupanga. Anayetaka kujua uharibifu unatoka wapi asimtafute mtu mwenye nyundo, amtafute mtu anayesimama mlangoni, mikono kiunoni, akisema, "Hebu tupange kidogo humu."

3. Hapa ndipo kiini cha barua kilipo, nawe utaniwia radhi nikirudi nyuma.

Mtaa nilikozaliwa upo chini ya bwawa la umeme. Tulihamishwa kwa malori nikiwa na miaka kumi na tisa, tukaambiwa taa zitawaka kila mahali. Ni kweli zinawaka. Naandika chini ya mojawapo, ingawa ni mchana, kwa sababu ya macho. Imepita miaka hamsini na miwili. Katika miaka hiyo nimehama mara saba, na mara ya nne nilivuka mpaka. Watu huuliza mtu wa namna hiyo alibeba nini. Nilibeba kadi. Kila neno la mtaa wetu nililolikumbuka, ambalo kamusi hazina, nimeliandika kwenye kadi yake: neno, maana, nani alikuwa akilisema, na alisimama wapi alipolisema. Ninayo kadi ya neno walilotumia wanawake kwa ule ukimya unaotokea mashine ya kusaga inapozimwa ghafla, na mtu mmoja akajikuta anapiga kelele peke yake. Ninalo neno la mtu anayekuja kuazima kitu huku tayari amekishika. Sitayaandika hapa. Barua hupotea.

Kadi ziko ndani ya maboksi ya viatu thelathini na saba. Wewe, kwa mazoea ya kazi yako, utadhani zimefuata alfabeti. La. Alfabeti haijawahi kuishi mtaani kwetu. Kila boksi ni nyumba au duka, na nimeyaweka sakafuni chumbani mwangu kama mtaa ulivyokuwa: mashine ya kusaga karibu na mlango, halafu kinyozi, halafu fundi cherehani tuliyemwita Nusu Kipimo, na stesheni chini ya dirisha. Katikati nimeacha njia ya upana wa miguu miwili, ambayo ndiyo barabara kuu. Asubuhi nikiamka nateremsha miguu mbele ya nyumba ya mama yangu, kisha naenda dirishani kwa kupitia sokoni. Nikikumbuka neno jipya, nalipeleka kwa mwenyewe. Marehemu mke wangu alifagia mtaa huu miaka ishirini na hakuwahi kuangusha nyumba ya mtu.

Sasa mkwe wangu. Ni mwalimu wa hesabu, binti mwema, ananiita Baba bila kulazimishwa, na chai huileta kabla sijaikumbuka. Nayasema haya ili ujue sina chuki, na ili uone jinsi uharibifu unavyoweza kuwa na tabia nzuri. Jumatatu hiyo nilikwenda kupimwa macho. Nilirudi nikakuta sakafu tupu inang'aa kama sahani, na maboksi yote yameegemezwa ukutani, makubwa chini, madogo juu, safu saba kwenda juu. Mtaa wetu, Mhariri, haukuwahi kuwa na ghorofa. Sasa kinyozi anakaa kichwani pa mama yangu. Nusu Kipimo amefunikwa na soko zima. Stesheni iko karibu na dari, ambako sijui treni itafikaje.

Nilimuuliza mkwe wangu kwa upole hiki ni nini.

"Nimekupangia, Baba," akasema. "Hakuna hata karatasi moja iliyopotea. Zihesabu."

Nikamwambia huu ni uharibifu. Akacheka, akasema neno hilo ni zito mno kwa maboksi ya viatu. Ndipo nikafungua kamusi yako, nikijua utanitetea. Alisoma kwa sauti ya darasani: "Hali ya kuharibu kitu." Akaifunga taratibu, akarudisha ule mpira mahali pake. "Haya, kitu gani kimeharibika? Nionyeshe, nami nitakitengeneza leo leo."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Maboksi mazima, kadi nzima. Kilichokosekana ni vumbi tu. Nimeshindwa ndani ya chumba changu mwenyewe kwa kosa la kamusi niliyoitunza.

Mwanangu nilimwita kama shahidi. Yeye ni fundi wa friji. Alitazama ukuta, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akasema kuna friji ya mteja inavuja. Amekuwa akiitengeneza friji hiyo tangu Jumatatu.

4. Namba hii niliiandika nikiwa na hasira, nikaifuta. Iache wazi.

5. Kuhusu kitanda. Chumba kinahitajika, kwa sababu mtoto wa kwanza wa mwanangu anatarajiwa mwezi ujao na nyumba ina vyumba viwili. Kitanda chake kimeshaletwa. Kimesimama upande wa kushoto wa barabara, hatua mbili baada ya kinyozi, na tayari goti langu linakifahamu. Mimi si adui wa watoto. Nimengoja mjukuu kwa subira kubwa kuliko nilivyongoja pensheni. Lakini huyu, kabla hajazaliwa, ameshahamisha nyumba nyingi kwa mpigo mmoja, na kampuni ya bwawa angalau ilibandika notisi mtini.

Hayo hayajaisha. Hoja iliyo mezani ni kwamba maboksi yasikae hata ukutani, bali yapelekwe stoo ya karakana ya mwanangu, katikati ya friji mbovu. Mkwe wangu anasema huko kuna nafasi na hakuna panya. Nimekwenda kukagua. Panya kweli hakuna, maana ni wanyama wenye akili. Kila friji mbovu, Mhariri, ni bwawa dogo linalongoja zamu yake, na mtaa wangu umeshazama mara moja. Sidhani una pumzi ya mara ya pili.

6. Ili usione kwamba naongea kwa uchungu wa juzi tu, nikupe kisa cha fomu. Tulipohamishwa, kila mwenye nyumba alipewa fomu moja ya njano. Chini yake paliandikwa: "Orodhesha mali iliyoharibiwa." Mistari mitatu. Mama yangu alikaa na fomu hiyo juu ya godoro, nje, siku nzima, akilamba penseli. Alikuwa na kuku, alikuwa na kabati lenye kioo, alikuwa na ukuta mpya wa jikoni. Mwishoni aliandika neno moja kwenye mstari wa kwanza: "Majirani."

Karani aliirudisha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali. Alimwambia, "Mama, majirani si mali, tena hawajaharibika. Kila mmoja amepelekwa mahali pake, wako salama wote. Andika kitu." Mama akaandika kabati, ambalo halikuwa limeharibika, kwani nilikuwa nimelikalia.

Nimefikiri kuhusu karani yule kwa miaka mingi. Naamini alikuwa na kamusi mezani. Naamini pia ilikuwa na maneno matano.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nitayataja kuanzia lililo dogo.

Fasili isomeke hivi: "uharibifu: kitendo cha kuondoa kitu mahali ambapo mtu alijua kilipo, hata kama kitu chenyewe hakikuvunjika, aghalabu hufanywa na mtu mwema." Nimehesabu, itaingia kwenye nafasi ile ile ukimpunguzia haramia mstari mmoja. Mfano wa mvua uondolewe. Mahali pake paandikwe: "Nilikwenda kupimwa macho, nikarudi nikakuta uharibifu."

Kwenye neno "usafi" iongezwe alama ya kumwelekeza msomaji atazame "uharibifu". Vivyo hivyo kwenye "mpangilio", "nafasi" na "kabati". Swali "Hiki bado unakihitaji?" lina haki ya kuingizwa kama onyo, kwa wino mwekundu kama bajeti itaruhusu.

Nakala za sasa zikusanywe kutoka nyumba zote zenye wakwe waliosoma. Natambua ni nyumba nyingi. Anza na za walimu wa hesabu, kisha uwaandikie wakuu wa vyuo vya ualimu wasitishe somo la seti mpaka ieleweke kwamba vitu vyenye ukubwa sawa si lazima viwe ndugu. Na watengenezaji wa vitanda vya watoto watakiwe kuviwekea kibandiko kisemacho ni nyumba ngapi kila kitanda kinaweza kubomoa.

Mwisho, na hili ni la haraka, nahitaji barua yenye mhuri wa ofisi yako ikithibitisha fasili mpya, inifikie kabla ya Jumamosi. Siku hiyo familia itakaa kikao kuamua kama maboksi yaende stoo au yasiende. Mwenyekiti ni dada yangu mkubwa, ambaye mkwe wangu humwita Shangazi na mimi humwita Dada nikiwa nimesimama. Amenizidi miaka minane. Ukiniondoa mimi, ndiye mtu pekee aliye hai ninayemfahamu kutoka mtaa ule. Anaishi mbali kwa binti yake, na hajawahi kuingia chumbani mwangu, lakini akishaamua hakuna rufaa. Hata friji itaacha kuvuja. Ninamtegemea. Atakapoona mtaa alikozaliwa umepandishwa ukutani kama sabuni dukani, sitahitaji kusema neno. Ila nikiwa na mhuri wako nitasema machache.

Sidhani naomba makubwa. Nilisahihisha maandishi ya watu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuhamisha neno la mtu bila kuweka alama pembeni ili ajue lilikuwa wapi. Heshima kama hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mpishi wa chai, mlinzi wa mlangoni ambaye nadhani ndiye wa kwanza kuzipokea bahasha zangu, na yule msaidizi wako aliyenijibu mwaka juzi kwamba maoni yangu kuhusu neno "ugali" yamehifadhiwa. Mwambie namwamini, ila angenitajia yamehifadhiwa kwenye boksi gani. Mwanangu anakusalimu kutoka karakana. Mkwe wangu naye anakusalimu. Hajui ninaandika nini, ameniona tu nimeinama, akaniletea mto wa mgongo.

Nakuachia kalamu, nami nabaki nikingoja mhuri,

Msomaji wako tangu jalada likiwa jipya,
Msahihishaji Mstaafu, Ghorofa ya Tatu, mlango wa kushoto

Baada ya kusaini: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa dada yangu alipoingia, siku mbili kabla ya kikao, kwa sababu alisoma tiketi ya basi bila miwani. Hakukaa hata kunywa maji. Aliposikia kesi alisema, "Rudisheni huo mtaa chini niuone."

Mkwe wangu alitaka kuinama na tumbo lake, tulimkalisha kitini. Mimi na mwanangu (friji imepona) tuliyashusha maboksi yote, nikaliweka kila moja mahali pake bila kusita hata mara moja. Sitaki kukuficha, nilijisikia kijana. Dada alivua viatu akapita barabarani na fimbo yake, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Akageuka, akarudi. Alisimama penye mashine ya kusaga, akaniuliza, "Mdogo wangu, huu ni mtaa wa nani?"

Mashine, anasema, ilikuwa upande wa pili. Kinyozi alikuwa nyuma ya stesheni. Jirani wa mama alikuwa muuza mafuta ya taa, mtu aliyenibeba mabegani kila siku ya gulio, na boksi lake sina kabisa. Na stesheni haikuonekana kutoka kwetu. "Umeiweka chini ya dirisha kwa sababu dirisha lipo," alisema. Nilibisha. Akanitajia watu kwa milango yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikakubali. Basi, Mhariri, kwa fasili niliyokuandikia hapo juu kwa mkono wangu, aliyeuondoa mtaa ule mahali ulipokuwa, nyumba baada ya nyumba, kwa miaka hamsini na miwili, ni mimi. Tena ni mtu mwema.

Mkwe wangu alichukua daftari la mistari ya miraba. Alasiri yote dada alikuwa akisema, yeye akichora, mimi nikisogeza. Waligombana mara mbili tu, zote kuhusu pembe. "Shangazi, kona hiyo haiwezekani," akasema. "Kona hiyo nilianguka na ndoo, mwanangu," dada akajibu, na kona ikachorwa. Sasa mtaa uko ukutani kwa kipimo, maboksi yamesimama chini yake, makubwa chini, madogo juu, kila moja na namba yake kwenye ramani. Stoo imefutwa kwenye ajenda. Nimepewa boksi tupu la thelathini na nane na kuamriwa nimkumbuke muuza mafuta.

Mahali pekee ambapo hapakuwa na ubishi ni pale kilipo kitanda cha mtoto. "Hapo palikuwa wazi," dada alisema. "Watu walikuwa wanakaa tu." Kitanda kimebaki.

Kwa hiyo fasili yako iache kama ilivyo. Maneno matano yanatosha. Kama umeshawaandikia wakuu wa vyuo vya ualimu, waombe radhi kwa niaba yangu. Na kama barua hii umeshaichana, usihangaike. Nakala ninayo, ila kwa sasa sikumbuki niliiacha nyumba ya nani.